SOMA PLAGI KABLA YA KUITUPA

Mashauri kwa wenye magari makubwa ya zamani

Katika mashamba ya milimani, na hasa katika nchi kavu za kaskazini ya Kenya, bado yako magari makubwa ya zamani yanayofanya kazi kila siku. Mengi katika hayo ni Land Rover za petroli ambazo umri wake wapita miaka arobaini. Huchukua maziwa, viazi, mbolea, maji, wanafunzi na wagonjwa. Mwenye gari la namna hii ana njia mbili: ama amwendee fundi kila mara injini inapokohoa, ama ajifunze mwenyewe zile kazi ndogo zisizohitaji gereji. Kubadili plagi ni moja katika kazi hizo.

Wako wanaodhani kwamba kubadili plagi ni kazi ya nguvu. Mtu hushika spana, hufungua, huitupa plagi kuukuu kichakani, hukaza mpya mpaka mishipa ya mkono imemtoka, basi. Kufanya hivyo ni kukosa mara mbili. Kwanza, kazi hii yataka usafi na subira kuliko nguvu, na aifanyaye kwa nguvu huweza kuharibu kwa dakika moja kitu ambacho kukitengeneza hugharimu mara nyingi kuliko bei ya plagi zote nne. Pili, plagi iliyotoka katika injini ni kama barua iliyoandikwa na silinda yake. Ndani yake mna habari za petroli, hewa, mafuta ya injini na umeme. Aitupaye bila kuisoma ametupa habari ambayo amekwisha kuilipia.

PLAGI HUFANYA KAZI GANI

Injini ya petroli huvuta hewa iliyochanganyika na petroli, huibana juu ya pistoni, kisha mchanganyiko ule huwashwa. Plagi ndiyo kiberiti. Ina ncha ya kati iliyozungukwa na kauri nyeupe, na chini yake kuna kidole cha chuma kilichopinda kuielekea ncha ile. Baina yao huachwa nafasi ndogo. Umeme wa betri, ambao ni volti 12 tu, huongezwa nguvu ndani ya koili mpaka ukapita volti 10,000, kisha distribyuta huupeleka kwa zamu katika kila plagi. Umeme huo huiruka nafasi ile na kutoa cheche.

Wazo hili si la jana. Étienne Lenoir, aliyefanya kazi yake Ufaransa, alitumia cheche ya umeme katika injini yake ya gesi mwaka 1860. Mwaka 1902 Gottlob Honold, mhandisi katika kazi za Robert Bosch huko Ujerumani, alitengeneza mtambo wa magneto wenye volti nyingi pamoja na plagi yake, na tangu hapo magari yakapata cheche ya kutegemewa.

Msomaji na apime mwenyewe ukubwa wa kazi hii. Katika injini za namna hii kila silinda huwashwa mara moja kwa kila mizunguko miwili. Basi injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, kila plagi hutoa cheche 1,000 kwa dakika, yaani 60,000 kwa saa moja. Si ajabu basi kwamba ncha zake hulika, nafasi ikapanuka, na cheche ikadhoofika.

Wenye magari ya dizeli wasijisumbue kutafuta plagi za cheche katika injini zao. Dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa sana. Baadhi ya injini hizo zina plagi za kupasha moto wakati wa kuwasha asubuhi, lakini hizo ni kitu kingine, na mashauri haya hayazihusu.

GARI LA MFANO

Tutatumia kwa mfano Land Rover yenye injini ya petroli ya silinda nne, ya sentimita za ujazo 2,286. Injini hii ilianza kutiwa katika Land Rover mwaka 1958, ikaendelea mpaka miaka ya 1980. Twaichagua kwa sababu inajulikana sana, na kwa sababu boneti ikifunguliwa plagi zote huonekana, na mkono hufika bila kuondoa vitu vingi. Mwenye lori la zamani la petroli, au gari la silinda sita, ataona kwamba kanuni ni zile zile, ila hesabu ya plagi na vipimo vyake hubadilika. Kila mtu na afuate kitabu cha gari lake.

Dalili za plagi zilizochoka ni hizi. Gari huwa gumu kuwaka asubuhi. Injini huruka mpigo, au humisi, kama wasemavyo mafundi, na gari zima hutikisika likiwa limesimama. Nguvu hupungua mlimani, na petroli hutumika zaidi kwa safari ile ile. Lakini msomaji asingoje dalili. Kwa injini hizi desturi njema ni kuzifungua, kuzisafisha na kuzipima plagi kila baada ya maili 6,000, ambazo ni karibu kilomita 10,000, na kutia mpya kila baada ya maili 12,000.

VYOMBO VINAVYOHITAJIWA

Hapana chombo cha ajabu katika kazi hii. Tafuta spana ya plagi, au soketi ndefu yenye mpira ndani. Kwa plagi za zamani zenye hesi ya milimita 14, kipimo chake aghalabu ni inchi 13/16, ambayo ni milimita 21. Tafuta na geji ya vibati vyembamba ya kupimia nafasi, brashi ya waya, kitambaa safi, pampu ya baiskeli, na kipande cha mpira wa kupitishia petroli chenye urefu wa shibiri moja. Mwisho, tafuta kipande cha ubao, utoboe matundu manne, na uyaandikie nambari 1, 2, 3 na 4. Ubao huu ndio wenye thamani kuliko vyote, kama tutakavyoona.

Unaponunua plagi mpya, usitosheke na kwamba hesi yake inaingia. Plagi yenye hesi fupi mno huacha cheche imejificha ndani ya tundu, na yenye hesi ndefu mno huweza kugongwa na pistoni. Tena plagi zina daraja za joto, jambo ambalo halionekani kwa macho. Njia iliyo salama ni kununua nambari ile ile iliyotajwa katika kitabu cha gari, au nambari ya mtengenezaji mwingine inayolingana nayo katika orodha yake. Jihadhari na plagi za bandia. Kama kauri ina nyufa, au maandishi yamefutika, au ncha ya kati na kidole havikukabiliana sawasawa, mrudishie mwenye duka.

JINSI YA KUFUNGUA

Liache gari usiku kucha, au saa chache, mpaka injini imepoa kabisa. Kufungua plagi katika chuma chenye moto ni kutafuta kuharibu hesi, na katika injini zenye kichwa cha aluminiamu hatari hiyo ni kubwa zaidi. Vuta breki ya mkono, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, na uondoe waya mmoja wa betri. Asiwepo mtu mwenye sigara, wala watoto wasichezee karibu, maana petroli haina mzaha.

Sasa tazama nyaya za plagi. Silinda ya kwanza ni ile iliyo mbele, upande wa rejeta. Funga kwenye kila waya kipande cha karatasi chenye nambari yake. Mpango wa kuwaka wa injini hii ni 1, 3, 4, 2, na nyaya zikichanganywa injini itapiga mishindo katika bomba la moshi, au haitawaka kabisa. Kisha shika kofia ya waya, uizungushe kidogo, na kuivuta. Usivute waya wenyewe, kwa kuwa huweza kukatika ndani huku nje ukionekana mzima.

Hatua ifuatayo ndiyo inayosahauliwa na wengi. Kuzunguka kila plagi pana shimo dogo, na ndani yake hukaa mchanga na vumbi la barabara zetu. Plagi ikitolewa kabla ya kusafishwa mahali hapo, mchanga ule huanguka ndani ya silinda, ukasaga pistoni na ringi zake kama msasa. Basi puliza shimo kwa pampu ya baiskeli. Kisha legeza plagi nusu ya mzunguko tu, upulize tena, maana uchafu uliokuwa umeshikwa chini ya washa sasa umeachiliwa. Baada ya hapo waweza kuitoa.

Plagi ikikataa, usipigane nayo. Tia matone machache ya mafuta mepesi ya kulegezea kutu, uyaache kwa saa nzima au usiku mmoja. Kisha jaribu kidogo kidogo, ukilegeza na kukaza kwa zamu, mpaka hesi ijisafishe njiani. Spana na isimame sawasawa juu ya plagi, maana ikienda upande huvunja kauri. Haraka haraka haina baraka, na hapa hasara yake huhesabiwa kwa shilingi.

Kila plagi inayotoka iweke katika tundu lake kwenye ubao. Ya kwanza katika nambari 1, ya pili katika nambari 2, na kuendelea. Plagi nne zilizorundikwa pamoja katika kopo huweza kukuambia kwamba pana ugonjwa, lakini haziwezi kukuambia ugonjwa uko nyumba gani.

KUSOMA PLAGI

Chukua ubao wako penye mwanga mzuri wa jua, utazame ncha na kauri inayoizunguka.

Plagi yenye afya ni kavu, na kauri yake ina rangi ya kahawia hafifu au kijivu, mfano wa chai iliyotiwa maziwa mengi. Hapa pana neno moja kwa wanaotumia vitabu vya zamani. Vitabu hivyo viliandikwa wakati petroli ilipokuwa na madini ya risasi, nayo risasi iliacha rangi yake juu ya plagi. Kenya iliacha kuuza petroli ya namna hiyo, na tangu mwanzo wa mwaka 2006 magari yetu hutumia petroli isiyo na risasi. Petroli hii huacha rangi iliyo nyepesi zaidi. Kwa hiyo weupe peke yake, kama kauri ni laini na ncha hazikuyeyuka, si ugonjwa.

Plagi iliyofunikwa na masizi meusi makavu, yanayofutika kwa kidole, yasema kwamba petroli ni nyingi kuliko hewa. Huenda choki inavutwa muda mrefu, au kisafisha hewa kimejaa vumbi, au kabureta yataka kurekebishwa. Huenda pia petroli imechanganywa na mafuta ya taa. Udanganyifu huo ulienea hata Serikali ya Kenya ikatoza mwaka 2018 ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili faida ya wachanganyaji ipungue.

Plagi nyeusi iliyolowa mafuta yanayong'aa yasema kwamba mafuta ya injini yanapanda mahali yasipopaswa kufika. Ringi za pistoni zimelika, au mafuta yanapita kandokando ya vijiti vya valvu. Plagi mpya itasaidia kwa siku chache tu, kisha nayo italowa. Hapa plagi haina kosa; yatoa ushahidi tu.

Plagi iliyolowa petroli, yenye harufu kali, yasema kwamba petroli ilifika lakini cheche haikufika. Tazama waya wake, kofia yake, na kifuniko cha distribyuta, ambacho huweza kuwa na ufa mwembamba kama unywele.

Plagi nyeupe kama chokaa, yenye malengelenge au ncha zilizoyeyuka, yasema kwamba joto limezidi. Huenda hewa ya ziada inapenya mahali penye gasketi mbovu, au cheche inatoka mapema mno, au plagi si ya daraja inayofaa. Habari hii ni ya hatari, kwa sababu silinda yenye joto la namna hii huweza kutoboa pistoni. Usiendelee na safari ndefu kabla ya kutafuta sababu.

Plagi ambayo ncha yake imelika ikawa mviringo, na nafasi yake imepanuka, lakini rangi yake ni njema, yasema tu kwamba imezeeka katika utumishi mwema. Hiyo iage kwa amani.

Sasa tufike kwenye kanuni ambayo kwa ajili yake tulitoboa ubao. Plagi zote nne zikisema neno moja, tafuta sababu katika vile vitu vinavyotumiwa na silinda zote, yaani petroli, kabureta, kisafisha hewa, choki, koili, na majira ya cheche. Plagi moja ikisema neno lake peke yake huku wenzake ni wazima, tafuta sababu katika silinda ile, au waya wake, au plagi yenyewe. Na kama una shaka, ihamishe plagi ile katika silinda nyingine kwa siku chache. Ugonjwa ukihama pamoja nayo, plagi ndiyo mbovu. Ugonjwa ukibaki palepale, mwenye kosa ni waya au silinda. Kwa kanuni hii mtu asiye fundi huweza kwenda kwa fundi akiwa na swali lililo wazi, na swali lililo wazi hupunguza gharama.

MFANO WA MKULIMA WA MILIMANI

Tuseme yuko mkulima wa Kinangop, mahali palipoinuka yapata mita 2,500 juu ya bahari, apelekaye maziwa kila alfajiri. Gari lake hukataa kuwaka mara kwa mara. Maziwa huchelewa, na maziwa yaliyochelewa huweza kukataliwa. Kila baada ya miezi miwili hununua plagi mpya, gari huwa zuri kwa majuma kadhaa, kisha shida hurudi. Yeye husema kwamba plagi za siku hizi hazina maana.

Kama angeziweka plagi zake kwenye ubao, angeona zote nne zina masizi makavu. Zote nne: basi sababu ni ya wote. Kwanza ni hewa. Katika urefu ule hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa zaidi ya sehemu moja ya tano, lakini kabureta ya zamani haijui hivyo. Huendelea kutoa petroli karibu kama iko pwani. Pili ni baridi ya alfajiri, ambayo humfanya avute choki na kuisahau. Tatu ni ufupi wa safari. Ncha ya plagi haiwezi kujichomea masizi yake mpaka joto lake lifike kama digrii 450 za sentigredi, na katika safari ya kilomita tatu ya mwendo wa pole haifiki huko. Nne ni kisafisha hewa. Katika Land Rover hizi kina bakuli la mafuta linalokamata vumbi, na bakuli hilo likijaa tope, injini huvuta hewa kwa shida.

Dawa yake, basi, haiko dukani. Na airudishe choki mara injini inapoanza kutulia. Na asafishe bakuli la kisafisha hewa na kulitia mafuta mapya, kila mara vumbi linapozidi. Na amwombe fundi airekebishe kabureta ilingane na mahali anapokaa. Mara moja kwa juma na aliendeshe gari safari ndefu kidogo, injini ipate moto kamili. Akiisha kufanya hayo, plagi zake zitadumu. Lakini akumbuke jambo moja: gari lililorekebishwa hivyo kwa ajili ya milima, likiteremka pwani na mzigo mzito, litakuwa na petroli kidogo kuliko hewa, na joto litazidi. Kabla ya safari hiyo kabureta irudishwe katika kipimo chake cha kawaida.

KUTIA PLAGI MPYA

Usiamini kwamba plagi mpya imepimwa dukani. Pima kila moja. Kwa injini ya mfano wetu, nafasi baina ya ncha na kidole ni milimita 0.75 hadi 0.80. Kibati cha geji na kipite kwa kugusa kidogo pande zote mbili, bila kulazimishwa. Nafasi ikiwa haikufaa, pinda kile kidole cha nje peke yake, polepole. Usiiguse ncha ya kati wala usiegemeze chombo juu yake, maana kauri itapasuka. Plagi iliyoanguka sakafuni usiitumie hata kama yaonekana nzima.

Futa mahali plagi inapokalia kwa kitambaa safi. Kisha chukua kile kipande cha mpira wa petroli, ukivike juu ya kichwa cha plagi, na kwa mpira huo izungushe plagi ndani ya tundu lake. Faida yake ni hii: hesi zikikutana sawasawa, plagi itateremka kwa wepesi; zikipishana, mpira utateleza na kuzunguka bure kabla ya kitu kuharibika. Spana haina huruma hiyo. Hesi ya kichwa cha injini ikiharibika, huenda kichwa chote kikapaswa kufunguliwa na tundu kutiwa hesi mpya. Katika kazi hii hakuna hasara iliyo kubwa kuliko hiyo, na kinga yake ni mpira wa shibiri moja.

Plagi ikiisha kukaa kwa mkono, ndipo ushike spana. Plagi mpya yenye washa hukazwa kiasi cha nusu ya mzunguko baada ya kukaa, lakini soma maandishi ya kwenye kasha lake, kwa kuwa watengenezaji hutofautiana kidogo. Plagi iliyosafishwa na kurudishwa, ambayo washa yake imekwisha kubanwa, huhitaji kidogo sana: mwendo wa mshale wa saa kutoka nambari moja mpaka nambari inayofuata. Mwenye spana ya kupimia nguvu na aiweke kati ya nyutoni-mita 25 na 35 kwa kichwa cha chuma cha kusubu kama hiki. Plagi isiyo na washa, yenye shingo iliyochongoka, ni ya namna nyingine, na hukazwa kidogo zaidi ya hapo ilipokaa. Plagi iliyolegea nayo ni mbaya, maana joto lake hukosa njia ya kutokea, na moshi wenye moto huvuja kando yake.

Rudisha kila waya mahali pake kwa nambari zake, usukume kofia mpaka uisikie imeshika, kisha rudisha waya wa betri. Washa injini. Sikiliza kwanza ikiwa katika mwendo wa pole, kisha ongeza petroli kidogo. Mpigo uwe mmoja, usio na kuruka. Injini ikitikisika kuliko awali, izime bila kusita, utazame kama nyaya mbili hazikubadilishana.

KAZI YA KUMWACHIA FUNDI

Kujitegemea si kukataa msaada. Plagi ikivunjika ndani ya tundu, usiichokoe kwa patasi, mwite fundi. Plagi zikionyesha mafuta ya injini, fundi na apime mbano wa kila silinda kabla hujanunua chochote. Plagi zikiyeyuka, fundi na achunguze majira ya cheche. Na kama gari lako lina injini ambayo plagi zake zimefichwa chini ya mabomba mengi, fikiri kwanza kama una vyombo na muda wa kutosha. Lakini hata utakapomwachia fundi kazi yote, mwombe neno moja: azipange plagi kuukuu kwa nambari, akuonyeshe. Fundi mwema hatachukizwa na ombi hilo.

Baki jambo la mwisho, ambalo makarani walifahamu kabla ya kuambiwa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Nunua daftari la senti chache, ulitundike ndani ya gari. Andika tarehe, maili zilizosomwa kwenye saa ya gari, nambari ya plagi ulizotia, nafasi uliyoipima, na rangi ya kila plagi iliyotoka, kuanzia nambari 1 hadi 4. Mara ya kwanza maandishi hayo hayatakuambia mengi. Mara ya tatu utaona kwamba silinda ya tatu, kwa mfano, imekuwa ikilowa mafuta kidogo kidogo tangu mwaka jana, na utapata nafasi ya kuweka akiba ya ringi mpya kabla gari halijakuacha njiani pamoja na mzigo wako.